Kabla Majivu Hayajaanguka

Mdogo wangu Marwa anaendesha gari la watalii kule Mugumu. Kila akija nyumbani huniletea sukari, sabuni na hadithi, na safari hii alianza kucheka kabla hata hajazima gari.

"Shikamoo dada. Wageni wangu wamegombana."

"Marahaba. Wamegombania nini, simba?"

"Majivu."

Akaketi kwenye kigoda cha Bibi, akanisimulia. Walikuwa wazee wawili, marafiki wa siku nyingi, wameketi mbele ya hema wakisubiri chakula, kila mmoja na sigara yake, zile nene za jani tupu zisizo na karatasi. Mmoja alikuwa akikung'uta majivu kila baada ya kuvuta kidogo. Mwenzake aliyaacha yarefuke mpaka Marwa, aliyekuwa akiwamiminia maji, akaanza kuogopa kwa niaba yake. Yule wa kwanza akamwambia mwenzake ni mchafu. Mwenzake akamjibu kwamba yeye hajui kuvuta, anaua sigara nzuri bure. Walinuniana mpaka chakula kikaletwa.

"Nikatamani niwaambie," Marwa akasema, "wazee wangu, kesi hii ilishaamuliwa kijijini kwetu Kerende, na aliyeiamua alikuwa bibi yangu."

Walipoondoka mmoja wao alimpa sigara moja kama zawadi, ndani ya kibomba cha chuma chenye kifuniko. Marwa akaiweka mezani kwangu. Niliifungua nikainusa. Ilinukia ngozi, na asali iliyokaa sana, na nyuma ya hayo, kwa mbali, ikanukia jiko letu la zamani. Nikaifunga upesi, kama mtu aliyefungua mlango akakuta wenyewe wapo.

Bibi Wankuru ndiye aliyekuwa na nyumba. Nasema hivyo makusudi. Hakujaliwa mtoto wa kiume, na mume wake alipofariki, alifanya kile ambacho kwetu Wakurya mwanamke wa namna hiyo ana haki ya kukifanya: alitoa ng'ombe kutoka zizi lake akaoa. Alimwoa Mama, ili Mama azae watoto wa nyumba hiyo na moto wake usizimike. Ndiyo nyumba ntobhu. Mwanamume aliyetuzaa alikuja na kuondoka, wala hakuwa na dai lolote kwetu, na alifariki tukiwa wadogo bila sisi kujua sura yake vizuri. Mimi niliyaona hayo kuwa mambo ya kawaida kabisa. Nilidhani kila mtoto duniani ana mama aliyeolewa na bibi, na niliwahurumia kidogo wale waliokuwa na baba anayerudi jioni akiuliza chakula kiko wapi.

Bibi alivuta tumbaku. Nasema tumbaku, msinielewe vibaya, maana najua wilaya yetu ina sifa ya bangi. Aliipanda mwenyewe nyuma ya nyumba, penye udongo mweusi uliochanganyika na samadi. Majani yalipoiva aliyatunga kwenye kamba na kuyatundika jikoni, juu kabisa, moshi wa kuni ukayafikia bila joto kuyachoma. Yalikaa huko mpaka yakawa na rangi ya ngozi ya ndama. Siku ya kusokota alinyunyizia maji kwa vidole, akafunika kwa kitambaa, akasubiri yalainike, halafu akayaviringisha juu ya paja lake, jani ndani ya jani. Ukingo wa jani la mwisho aliugandisha kwa uji wa ulezi. Mimi ndiye niliyeshika kikombe cha uji. Mpaka leo sipiki uji wa ulezi bila kidole kutaka kuchovya pembeni.

Alivuta msokoto mmoja kwa siku, alasiri, ameketi kwenye kigoda chake karibu na mlango, na chini, karibu na mguu wake, pana kifuniko cha kopo la mafuta ya kupikia. Hakukung'uta. Wanaume wa pale kijijini walivuta sigara za dukani na kuzigongagonga kwa kidole kama wanaoita kuku. Bibi aliacha majivu yasimame. Yalikuwa meupe, yamekazana, yenye mistari midogo kama pete za pembe ya ng'ombe, na yaliendelea kurefuka huku yeye akizungumza, akicheka, hata akigeuza kichwa kumkemea mbuzi. Sisi watoto tulikuwa tukiacha kupumua.

Tulikuwa watatu: mimi Bhoke, kisha Marwa, kisha Ghati aliyekuwa bado ananyonya kidole. Alasiri ndiyo ilikuwa saa ya kazi za kukaa. Tulipukuchua mahindi, tulichagua mawe kwenye maharage, na sisi kama watoto wote tulitafuta sababu za kwenda nje. Ndipo Bibi alipokuwa akiinua msokoto wake na kusema, "Hakuna anayeinuka hapa kabla majivu hayajaanguka."

Yeye alimaanisha kazi. Ndiyo ilikuwa saa yake ya ukutani. Lakini mtoto huchukua neno akalipeleka anakotaka mwenyewe.

Mama aliugua kwa muda mrefu, na nyumba ikajifunza kutembea polepole. Siku tuliyomzika watu walijaa uani, na nilisikia mama mmoja akimwambia mwenzake karibu na pipa la maji, "Hawa sasa watagawanywa tu." Sikujua kugawanywa maana yake nini kwa watoto. Nilijua kugawanya nyama. Nilikimbia ndani, nikamkuta Bibi ameketi kwenye kigoda chake na msokoto, macho makavu, na majivu yamesimama marefu kuliko nilivyowahi kuyaona. Alinitazama, akawatazama wadogo zangu.

"Kaeni," akasema. "Hakuna anayeinuka."

Tukakaa. Watu waliingia na kutoka, wakatoa pole, wakatunywesha chai, na jioni wote wakaenda kwao. Hakuna aliyetugawanya. Kwangu mimi sababu ilikuwa wazi kama mchana: majivu hayakuanguka. Tangu siku hiyo niliamini kwamba ni hayo majivu yaliyotushikilia, na kazi yangu kama mkubwa ni kuyalinda.

Haikuwa kazi nyepesi Kerende. Kwetu ukikaa mlangoni uliliona lundo la mawe ya mgodi likiongezeka kama mlima unaokua, na alasiri nyingi baruti ililia. Kwanza vikombe vilitetemeka kabatini, halafu mabati, halafu ndipo sauti ilipokuja, nzito, kana kwamba mtu ameangusha gunia la mahindi chini ya kitanda cha dunia. Watoto wa shule walishaizoea, hata mwalimu alikuwa akinyamaza kidogo na chaki hewani kisha akaendelea. Mimi niliacha kuizoea. Nilipohisi vikombe vikianza, nilitupa kila kitu nikakodolea macho msokoto wa Bibi.

Baada ya matanga yakaja yale niliyoyaogopa. Babu Mwita, mdogo wa marehemu mume wa Bibi, alikuja na wanaume wawili wa ukoo. Babu Mwita hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sauti kubwa, mwenye kupenda mambo yaishe, na koti lake alilivaa hata jua likiwaka. Walipewa viti na chai. Sisi tuliketi kwenye mkeka karibu na ukuta. Bibi alichukua msokoto, akauwasha kwa kijinga cha moto kutoka jikoni, akakaa.

"Shemeji," Babu Mwita akaanza, "tumekuja kwa ajili ya hawa watoto. Wewe umezeeka."

"Nimezeeka," Bibi akakubali, akavuta.

"Magoti yako ndiyo hayo. Shamba ndilo hilo. Tumeongea, tumeona hivi. Huyu wa kiume aende Kenyamonta, kuna ng'ombe wa kuchunga na kuna watu. Huyu mdogo kuna binamu yetu Mugumu anataka mtoto wa kumsaidia nyumbani. Na huyu mkubwa nitakaa naye mimi. Haitachukua muda atatuletea ng'ombe."

Wenzake wakacheka kidogo, kicheko cha heshima. Mimi nilikuwa natazama majivu. Yalikuwa yameanza kusimama, urefu wa punje ya maharage. Nilihisi upepo ukiingia mlangoni, ule wa alasiri unaopanda kutoka mtoni, nikainuka nikaenda kusimama pale katikati ya mlango, nimetanua kanga ya Mama kwa mikono miwili.

"Huyu vipi?" Babu Mwita akauliza. "Anatufukuza au anatufungia?"

"Mwache," Bibi akasema.

"Shemeji, tuko gizani."

"Mtaonana tu. Mnajuana sura."

Wakaendelea kuongea. Waliongea sana. Mmoja alisema mila inasema hivi, mwingine akasema siku hizi mambo yamebadilika, Babu Mwita akasema yeye anatafuta amani tu, kisha akapandisha sauti kuliko wote. Bibi hakujibu hata neno. Alivuta polepole, akatoa moshi pembeni ya mdomo, na majivu yakarefuka. Kuku aliingia akipita kati ya miguu yangu, nikamsukuma nje kwa kisigino. Ghati akakunja pua kama anayetaka kupiga chafya, na Marwa, ambaye nilikuwa nimemfundisha, akamziba pua na mdomo kwa pamoja mpaka akawa mwekundu wa macho.

"Mnamuua mwenzenu sasa!" mmoja wa wale wanaume akasema.

"Unafuka kama tanuru la matofali, shemeji," Babu Mwita akasema. "Sema basi kitu."

Hapo vikombe vikaanza kabatini.

Nilijua. Nilihisi kwenye nyayo kabla ya kusikia. Mabati yakalia, sauti ikaja, vumbi likashuka kutoka darini, chai ya Babu Mwita ikamwagika kwenye sahani. Nilifumba macho. Nilipofumbua, mkono wa Bibi ulikuwa pale pale juu ya goti, na majivu yalikuwa yamesimama, meupe, yameinama kidogo tu kama mzee anayesalimia. Nilitaka kupiga kigelegele.

Na hapo hapo, bila haraka, Bibi akainama, akagusisha ncha ya msokoto kwenye ukingo wa kile kifuniko cha kopo, akauzungusha kidogo, na majivu yote yakadondoka kipande kimoja.

Nililia. Nililia kwa sauti, kanga ikaniponyoka, mwanga ukaingia, na wanaume wote wakageuka kunitazama. Sikuweza kuelewa kwa nini Bibi mwenyewe, kwa mkono wake, ametuachia.

"Mmemaliza?" Bibi akawauliza.

Ni kweli walikuwa wamemaliza. Walikuwa wamesema kila walichokuja nacho, na baada ya ule mtikisiko hakuna aliyekuwa na sauti ya kuanza upya.

"Mwita," akasema, "ng'ombe waliomwoa mama yao walitoka zizi la nani?"

"Lako, shemeji."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyewapeleka."

"Uliwaswaga mwenyewe. Tena mmoja alikupiga teke, ukachechemea mpaka msimu wa mavuno." Wale wawili wakacheka, safari hii kicheko cha kweli, na Babu Mwita naye akashika goti bila kutaka. "Basi hawa si watoto waliookotwa njiani. Ni watoto wa nyumba hii. Nyumba haigawanywi wakati mwenyewe amekaa ndani yake akivuta."

Babu Mwita alifikiri. Nilishasema hakuwa mbaya. "Sawa," akasema. "Ni wako, sikatai. Lakini nani atalima? Nani atachota maji? Useme tu nani, mimi nitakwenda nyumbani."

Bibi hakumjibu. Wala hakunitazama. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko yote: kwamba alitazama ukutani, kwa makusudi, ili macho yake yasiniombe kitu.

"Mimi," nikasema.

"Na shule?" akauliza mmoja wa wale wanaume wawili.

"Marwa na Ghati watasoma."

Nilikuwa bado na machozi mashavuni na kamasi. Babu Mwita alinitazama kwa muda, halafu akamalizia chai iliyobaki kwenye sahani, akasimama, akafunga vifungo vya koti lake. "Huyu," akamwambia Bibi, akininyooshea kidole, "ng'ombe wake mtawasubiri sana." Ulikuwa utani, lakini ndani yake palikuwa na heshima, na msimu wa kulima ulipofika alileta jozi yake ya maksai bila kuombwa. Alifanya hivyo kila mwaka mpaka nguvu zake zilipokwisha.

Walipoondoka Bibi aliniita nikakaa karibu na kigoda chake.

"Sikukuuliza," akasema.

"Najua."

"Ungekaa kimya nisingekulaumu."

"Najua, Bibi."

"Sasa niambie. Kwa nini ulilia nilipoyaangusha?"

Nikamweleza yote: siku ya mazishi, mlango, kuku, chafya ya Ghati. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika ukuta, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na nadhani ndiyo mara ya kwanza macho yake yalipata maji tangu Mama afariki.

"Kumbe mwenzangu ulidhani nyumba yangu inashikiliwa na majivu!"

Akauinua ule msokoto uliobaki, akanionyesha. Majivu mapya yalikuwa yameanza. "Hili ni blanketi la moto," akasema. "Ukiling'oa mapema, moto unapata baridi, unakasirika, unawaka mkali, tumbaku inakuwa chungu na ulimi unaungua. Ndiyo maana wale wanaogongagonga wanatema mate kila saa. Ukiliacha mno, linakuangukia nguoni, unatoboa kanga nzuri bure." Akaweka kidole gumba chake pembeni ya msokoto. "Mwisho wake ni hapa, kiungo cha kwanza. Yakifika hapa usiyasubiri yaanguke yenyewe. Yalaze. Usiyapige. Unayalaza."

"Na kama yakianguka kabla?"

"Basi ulisokota vibaya. Usilaumu upepo."

Hakusema kwamba alikuwa anazungumzia wanaume, wala maneno, wala hasira. Alikuwa anazungumzia tumbaku, na mimi nilijifunza tumbaku. Haya mengine nimeyaona mwenyewe baadaye, siku mtu amekuja uani kwangu anafoka kuhusu mpaka wa shamba, nami nikajikuta nimekaa kimya, natazama mahali ambapo pangekuwa na msokoto.

Watu hunionea huruma kwa ajili ya shule. Wenzangu wa darasa langu, tukikutana sokoni, hushusha sauti kidogo wakiniuliza habari. Siwezi kusema sikuumia. Asubuhi za mwanzo nilikuwa nikisikia kengele ya shule nikiwa shambani, na jembe lilikuwa likisimama lenyewe. Lakini sikumbuki miaka ile kwa uchungu. Nakumbuka umande kwenye majani ya tumbaku, yananata vidoleni. Nakumbuka Marwa akisoma kwa sauti karibu na jiko, Bibi akimkosoa ingawa hajui kusoma: "Rudia hapo, hapo umedanganya." Na kweli alikuwa ameruka mstari. Nakumbuka Ghati akivaa sare yake ya kwanza na kuzunguka uani kama jogoo. Na alasiri, kazi ikiwa imekwisha, Bibi kwenye kigoda, sisi miguuni, na mimi nimeketi nikitazama majivu yakirefuka bila hofu yoyote. Kwa mtoto aliyewahi kuyaogopa, hiyo ilikuwa starehe kubwa.

Bibi alifariki Marwa akiwa amepata kazi na Ghati akiwa chuo cha ualimu. Alikwenda kwa upole, mchana, jikoni kukiwa bado na kamba ya majani. Majani yale sikuyasokota. Yalikaa juu mpaka yakawa vumbi, na nilipobomoa jiko lile nijenge la matofali, nilinyunyiza lile vumbi kwenye udongo mweusi nyuma ya nyumba. Sasa napanda mboga pale.

Jumapili baada ya Marwa kuniletea ile sigara, Ghati alikuja kutoka Kenyamonta, anakofundisha. Marwa alikuwa bado hajaondoka. Baada ya chakula alitoa kile kibomba cha chuma, akaenda jikoni, akarudi na kijinga cha moto kama ilivyokuwa desturi.

"Mwalimu mzima nionekane navuta?" Ghati akasema. "Wanafunzi wangu wana ndugu mpaka huku."

"Dada, kamzibie mlango," Marwa akasema. "Kazi hiyo unaiweza."

Tulicheka mpaka wanangu wakaja kuchungulia, nikawafukuza. Marwa akawasha. Alivuta, akakohoa. Ghati akavuta, akakohoa zaidi, akalaani watalii wote. Nami nikavuta kidogo. Haikuwa tumbaku ya Bibi. Ilikuwa laini mno, kama chai iliyowekwa maziwa mengi. Lakini ilikuwa imesokotwa na mtu anayejua, maana majivu yalisimama. Tukaipokezana kwa uangalifu, mkono hadi mkono, tukiongea habari za shamba, za watoto, za Babu Mwita ambaye siku hizi hasikii vizuri lakini bado anavaa koti. Majivu yalifika kiungo cha kwanza cha kidole gumba changu. Nilipima. Yakapita.

"Yalaze, dada," Marwa akasema.

"Yalaze wewe."

"Mimi si mkubwa."

Hakuna aliyeyalaza. Nilikuwa nimeishika mimi, mkono juu ya goti, nikisikiliza Ghati akisimulia jambo la shuleni kwake, na majivu yakaanguka yenyewe, kipande kimoja, juu ya kitenge changu kizuri.

Tukatazamana. Chai ilikuwa imepoa, jua lilikuwa limeanza kushuka nyuma ya lundo la mawe, Marwa alikuwa na safari ya Mugumu na Ghati alikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Hakuna aliyeinuka.